Siku Mashine Ilipomwandikia Bibi Sifuri

Juzi nilikuwa sokoni hapa Uvira natafuta ndagala, dagaa wa ziwa letu, nikapita kwa muuza vyuma na nyaya kuukuu. Juu ya turubai lake, katikati ya simu zilizopasuka vioo na redio zilizotolewa matumbo, palikuwa na klavie, yaani kibodi, moja nene, rangi ya maziwa yaliyokaa siku nyingi. Nikasimama. Ndagala nikazisahau kabisa. Muuzaji akaniambia, "Mama, ile haina kazi tena, ni ya watoto kuchezea." Nikamjibu kwamba nami nilikuwa mtoto nilipoijua, wala sikuichezea. Hakunielewa, na simlaumu.

Sisi tuliiita ordinateri, kwa Kifaransa chetu cha shuleni. Kompyuta, ukipenda. Lakini usifikirie hizi za siku hizi zinazofunikwa kama kitabu. Ile ilikuwa klavie peke yake, na mashine yote ilikuwa imejificha humo humo ndani ya klavie. Uliiunganisha na televisheni kwa waya, ukaingiza disketi ubavuni, ukasubiri ikorome. Nasikia Ulaya watu walikuwa nazo nyumbani, za watoto wao. Kwetu ilifika imekwisha zeeka, ndani ya sanduku la nguo za msaada, imeviringishwa katika sweta. Na usicheke: sweta lile jirani wa bibi alilivaa miaka mingi katika joto la bonde la Ruzizi, akisema limelala na akili safari nzima, haliwezi kukosa kubakiwa na kidogo.

Nakusimulia haya, rafiki yangu, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba mashine zilipokuja zilitukuta hatujui kujibu. Tulijua kujibu. Swali ndilo lilikuwa baya. Kaa nikueleze.

Bibi yangu, mama wa mama yangu, alikaa bondeni kati ya Lubarika na Kiringye, katika kijiji ambacho sitakitaja kwa sababu waliobaki wanajuana. Mimi nilisoma Uvira, kando ya ziwa, lakini vakansi zote zilikuwa za bibi. Shule ikifungwa leo, kesho mama ananipakia kwenye lori la mizigo, juu ya magunia, na kifurushi cha ndagala kavu magotini, kwa sababu huendi bondeni mikono mitupu. Nilifika na vumbi mpaka ndani ya masikio. Bibi alininusa kichwani kwanza, ndipo akanisalimia.

Ninaweza kukwambia saa za siku ile kwa sauti tu. Alfajiri, vinu. Kila nyumba na pigo lake, na pigo la bibi lilikuwa la taratibu, maana alikuwa anatwanga huku anasali. Jua likipanda, kelele zetu watoto tukifukuza ndege kwenye mpunga kwa makopo na mawe. Mchana upepo unatoka ng'ambo ya Burundi, unapiga mabati, kila mtu anaingia ndani. Nilichota maji mferejini, nilimenya mihogo iliyolowekwa, ile yenye harufu inayokufuata mpaka kanisani. Jioni bugali na sombe, yale majani ya mihogo, iliyopondwa kwa mawese, na wale ndagala wa mama juu yake. Sijala tena sombe namna ile. Nimejaribu kuipika, najidanganya tu.

Shamba la bibi liligusa mfereji. Upande wa chini mpunga, upande wa juu nyumba na migomba. Ndani ya migomba walilala watoto wake wanne. Hapakuwa na msalaba, palikuwa na mawe, na sisi wajukuu tulijua mahali pa kukimbia na mahali pa kupita polepole. Waliobaki hai walikuwa saba, mama yangu akiwa mmoja wao, na wote walikuwa watu wazima waliokwisha tawanyika. Mimi nayasema haya mahesabu kwako leo ili unielewe. Bibi hakuyasema hata siku moja. Kwetu mzazi hahesabu watoto wake. "Ukihesabu watoto," alikuwa akisema, "unamusaidia kifo kuchagua." Ukimuuliza mama yeyote wa bonde ana watoto wangapi, atakwambia wako, atakwambia wanatosha, atakwambia Mungu anawajua. Na wewe utanyamaza, ukiwa umelelewa.

Ordinateri ilikaa katika ukumbi wa kanisa, chini ya kitambaa, na mwenye ufunguo alikuwa mwalimu wa darasa la sita. Mtu mwembamba, mkali, miwani yake imefungwa kwa uzi mweusi. Alikuwa amejifunza mashine ile peke yake, kwa kitabu kinene cha Kifaransa kilichokosa jalada, na mpaka leo namvulia kofia kwa hilo. Umeme ulitoka kwa grupu, jenereta ya kanisa, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi, siku ambazo mafuta yalikuwepo. Alinichukua kwa sababu macho yake yalichoka upesi na herufi za kioo cha televisheni, na vidole vyangu vilikuwa vyepesi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Alinifundisha kuandika skripti. Skripti, alisema, ni karatasi ya amri: mstari mmoja, kazi moja, na mashine inazifuata kutoka juu kwenda chini bila kuuliza kwa nini. Mstari huu unaandika swali kwenye kioo cha televisheni. Mstari unaofuata unanyamaza, unangoja mtu aandike jibu. Mstari wa tatu unachukua lile jibu na kulifanyia kazi. Mimi niliupenda ule wa kungoja. Kijumba kidogo cheupe kilipepesa pale pale, kinawaka na kuzimika, na hakuna kilichoendelea mpaka wewe useme. Nilikuwa mtoto wa kike, wa mwisho nyumbani. Mtu gani mzima alikuwa amewahi kuningoja mimi nimalize sentensi? Mashine ilingoja. Niliipenda kwa hilo, nakwambia wazi.

Skripti yangu ya kwanza iliuliza jina, kisha ikamsalimia Jambo na lile jina. Jirani, yule wa sweta, akaja kujaribu. Mwalimu alikuwa na sheria yake: mtu anasema kwa mdomo, mimi naandika kama alivyosema, siongezi, sipunguzi. Kioo kikauliza: Jina lako nani? Jirani akavuta shati, akasema, "Jambo sana, habari ya kazi?" Kwetu humjibu mtu swali kabla hujamsalimia, ni tabia ya mtu aliyekosa wazazi. Nikaandika vile vile. Mashine ikajibu: Jambo, Jambo. Ilikuwa imechukua neno la kwanza tu, mengine yote ikayatupa, kwa sababu sikuwa nimeiambia kwamba jibu la mtu linaweza kuwa na maneno mengi.

"Iko na adabu hii mashine," jirani akasema. "Inaitikia."

Mwalimu hakucheka. Alisema muntu ajibu kile alichoulizwa, tena kwa neno moja. Mimi nikaenda nyumbani nikawaza wakati namenya mihogo. Kesho yake nikaongeza mistari juu ya skripti: mashine isalimie kwanza, ingoje salamu ya mtu, iipokee, isiiweke popote, hapo ndipo iulize jina. Na jibu nikalifunga kwa alama mbili za kunukuu ili lije lote na nafasi zake, mtu asikatwe jina lake la pili. Mwalimu akaniambia napoteza mafuta ya grupu. Huo ulikuwa ugomvi wetu wa kwanza, na mimi nilijiona nina haki.

Sasa sikia jambo lenyewe. Mwaka ule mfereji ulikuwa umetengenezwa upya, na kamati ya mfereji ikaamua kugawa upya mashamba yaliyo kando ya maji. Shamba ni la kurithi, walisema, kwa hiyo nyumba yenye watoto wengi ipate kipande kikubwa, na nyumba isiyo na mtoto irudishe chake, ihamie juu kwenye mawe. Ukasikia matusi! Kila mwanakamati alisemwa anawapendelea wakwe zake. Mikutano miwili ilivunjika watu wakishikana mashati. Mwisho mwalimu akasimama akasema orodha itatolewa na ordinateri, kwa sababu ordinateri haina shemeji. Watu wakapiga makofi. Hata bibi alipiga.

Siku ya kuandikisha foleni ilitoka mlangoni ikazunguka ukumbi. Walikuja mpaka wa kutoka Nyakabere waliokuwa na vipande kwetu. Skripti ilikuwa ya mwalimu, aliiandika mwenyewe, na swali lake la pili lilikuwa: Watoto wangapi? Mama wa kwanza akajibu, "Wako." Nikaandika wako. Mashine ikakwama, kwa maana ilitaka namba, na skripti yote ikafa. Tukaianzisha upya kutoka kwenye disketi, krrr, krrr, na grupu inakunywa mafuta. Mama wa pili akasema, "Wanatosha." Ikafa tena. Mwalimu akapandwa na hasira, akanisukuma pembeni, akaweka mstari mmoja mpya: jibu likiwa si namba, andika sifuri, endelea. Kuanzia hapo mambo yakaenda mbio. Mashine haikukwama tena. Wako, wanatosha, Mungu anajua, na mimi naandika, na foleni inasogea, na mwalimu anapangusa jasho anatabasamu.

Bibi alikuwa amevaa kitenge chake cha kanisani. Nikamuuliza kama nilivyomuuliza kila mtu, kwa sauti ya kazi, kwa heshima ya kazi. Akanitazama kama mtu anayeulizwa na mtoto wake mwenyewe jambo linalojulikana. Akasema, "Wote."

Nikaandika wote. Nilikuwa nimemwona mwalimu akiweka mstari ule wa sifuri. Nilijua kusoma skripti. Nilijua mstari ule unafanya nini. Lakini nilikuwa nimelewa na kazi, rafiki yangu, nilikuwa mtoto mwenye cheo, na sikusimama kufikiri. Hilo sijalisamehe na sina haja ya kusamehewa. Vidole ni vyangu.

Siku ya Alhamisi orodha ikabandikwa kwenye mlango wa ukumbi. Ilikuwa imetoka kwenye printa ya kanisa, zile za kuchapa kwa sindano, karatasi ndefu yenye matundu pembeni. Waliokuwa na namba nzuri ni wanakamati wenyewe na watu waliopita shule. Wengine, mama juu ya mama, sifuri, sifuri, sifuri. Bibi hakujua kusoma, lakini sifuri aliijua. Aliiona mbele ya jina lake, akaniuliza ni nini ile. Nilimwambia. Ningemdanganya nani?

Mwanamke wa kwetu anaweza kuitwa mchawi akakujibu, mkaendelea kuishi. Kumwita tasa aliyezaa, hapana. Bibi hakupiga kelele. Tulirudi nyumbani, akaketi kwenye mkeka, akaanza kupepeta mpunga uliokwisha pepetwa. Jirani akaja na sweta lake, mpole siku hiyo, akamwambia, "Mama, enda useme saba tu, iishe. Watakupokonya shamba."

"Saba?" bibi akasema. "Na wale wengine niwaweke wapi?"

"Wale walikwisha kwenda, mama."

"Walienda wapi? Minye kila asubui napita karibu yao na ndoo." Akapepeta. "Sitahesabu. Wachukue shamba. Sitahesabu watoto yangu mbele ya chuma."

Kisha akaniambia mimi, bila hasira yoyote, "Weye uliandika vile nilisema. Haukukosa." Ningefurahi angenichapa.

Nilikwenda kwa mwalimu mchana ule ule, upepo unavuma, miguu yangu imejaa vumbi. Nilimkuta anasahihisha karatasi. Nilimwambia orodha imekosea. Akasema ordinateri haikosei, muntu njo anakosa. Waliulizwa, wakajibu ovyo, shauri yao. Na akirekebisha nyumba moja kwa kalamu, kesho kila mtu atakuja na kalamu yake.

"Mwalimu, ulisema ordinateri inafanya kila kitu unaandika," nikamwambia. "Sifuri haikuandikwa na ordinateri. Ni weye uliiandika."

Alinipiga kofi. Zilikuwa siku za makofi, sitazipamba. Sikulia wala sikuondoka. Nikarudia maneno yale yale, polepole zaidi, nikamuuliza mama yake mwenyewe angejibuje. Akavua miwani akaisugua kwa shati. Mama yake alikuwa amekufa mwaka uliotangulia, na kijiji kizima kilijua kwamba alizaa wengi na hakuwahi kusema wangapi.

"Iko bidoni moja ya mafuta," akasema, akielekeza kidole kwenye dumu pembeni. "Kesho saa nane. Ukishindwa, lisiti ya majina ni ile ile, na Siku ya Mungu naisoma mbele ya watu."

Siku zile sikujua neno la kitaalamu la kazi niliyoifanya. Sasa nalipwa kwa kazi kama ile katika ofisi yenye feni, na wenzangu wanalitamka neno hilo kwa heshima kubwa. Wakati ule nilijua jambo moja: bibi hakukataa kujibu. Alikataa kuhesabu. Basi mashine ihesabu yenyewe tumboni mwake, kimya, na mtu aulizwe jambo ambalo mdomo wake unaweza kulisema. Kutaja si kuhesabu. Mzazi anawaita watoto wake kwa majina kutwa nzima, hakuna kifo kinachosikiliza hapo.

Niliandika skripti kwenye daftari usiku haujaingia bado, nikiwa nimekaa kwenye kizingiti, na Ijumaa saa nane nikaiingiza. Mashine ikasalimia. Ikangoja salamu. Kisha ikasema: Taja mtoto. Mtu akitaja, inaliweka jina lote, na neno la pili na la tatu, inauliza: Na mwingine? Inarudia hivyo mpaka mtu aseme njo hao, yaani ndio hao, kama tunavyomaliza kwetu. Kulikuwa na mstari mmoja niliofikiri juu yake kuliko mingine yote. Mtu akinyamaza je? Akisita, mimi nikagusa kitufe na hakuna kilichoandikwa? Skripti ya mwalimu ingeweka sifuri. Yangu iliandika kwenye kioo: Ningali nangoja. Na ikangoja kweli.

Wote wenye sifuri walirudi, na wengine wenye namba wakarudi pia, kwa wivu. Bibi alikuja wa katikati, hakutaka kuwa wa kwanza. Nilimsomea swali. Akaanza kutaja kwa mpangilio wa kuzaliwa, na wale wanne hakuwatenga, aliwataja kila mmoja mahali pake kati ya ndugu zake. Baada ya jina la tatu akanyamaza. Nikagusa kitufe. Ningali nangoja, kioo kikasema, na nikamsomea. Bibi akasema, "Ni vizuri ingoje." Alipumua, akaendelea. Nilisikia siku ile majina mawili ambayo sikuwahi kuyasikia maishani mwangu. Hata mama yangu alikuwa hajaniambia. Alipomaliza alisema njo hao, akajifunga kitenge vizuri, akatoka.

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. "Futa wale wane," akasema.

Nikasema hapana.

"Asiyekuwepo na lake halipo. Shamba ni ya wazima. Futa."

Nilikalia mikono yangu. Sikupata njia nyingine. Nilijua mikono ikibaki juu ya klavie itatii, imezoea. Niliikalia nikatazama kijumba cheupe kikipepesa. Yeye macho yake hayakuweza kuwatafuta wale wanne katika orodha ya kioo, na mafuta yalikuwa yanaisha. Akaniambia sawa, chapa vivyo hivyo, lakini Siku ya Mungu atasoma jina moja moja, na lisilo na mwenyewe atalikata kwa kalamu mbele ya kijiji, na aibu itakuwa ya bibi yangu. Nilichapa. Sikulala vizuri siku mbili.

Siku ya Mungu, baada ya ibada, watu hawakutawanyika. Walijaa ukumbini mpaka madirishani. Mwalimu akasimama na ile karatasi ndefu mkono mmoja, kalamu nyekundu mkono mwingine. Akisoma jina, mtoto mwenyewe anaitika kama yupo, na kama hayupo mzazi au ndugu anamwitikia: yuko. Yuko Uvira, yuko Bujumbura, yuko shuleni. Kalamu haikufanya kazi kwa nyumba tano, sita. Halafu akafika kwetu. Mtoto wa kwanza, yuko. Wa pili, yuko. Wa tatu alikuwa mmoja wa wale wa migombani, mvulana. Mwalimu akalisoma jina. Hakuna aliyejibu. Akainua kalamu.

"Huyu iko wapi?" akauliza.

Bibi akasimama. Alikuwa mfupi, ilibidi waliokaa mbele wainame. "Iko mu migomba," akasema. "Weye mwenyewe ulinisaidia kuchimba. Ulikuwa kijana, ulitoa shati, ulichimba mpaka jua ikaingia. Umesahau?"

Bibi akawageukia wanakamati.

"Tangu siku ile hakutoka mu ile shamba hata siku moja. Wengine wamekimbilia ku muji. Huyu amebaki, njo anachunga. Nani hapa amekaa mu shamba yake kumupita huyu? Kama mutatutupa kule ku mawe, mumuambie yeye kwanza aondoke. Minye sitamuambia."

Nilikuwa karibu na meza, nikauona mkono wa mwalimu ukishuka. Akarudisha kalamu mfukoni. Akatazama karatasi, akasema yeye mwenyewe, kwa sauti ya kuitika, "Yuko." Akaendelea kusoma. Alipofika jina jingine la namna ile, mama mmoja kutoka nyuma, asiye hata wa ukoo wetu, akaitika, yuko. Kisha ikawa hivyo kwa nyumba zote, kwa maana bibi hakuwa peke yake aliyetaja wa chini pamoja na wa juu. Ukumbi mzima uliitikia. Wanakamati walikaa wakitazama viatu vyao. Hakuna mama wa sifuri aliyepelekwa kwenye mawe mwaka ule, na shamba la bibi halikupungua hata hatua moja.

Sasa wewe utaniuliza mashine iko wapi. Haipo. Vita vilipita bondeni mara nyingi kuliko ninavyotaka kusema, na ukumbi ulibaki kuta. Mabati yalikwenda, milango ilikwenda, disketi nasikia watoto walizifungua wakatoa ile duara ya ndani wakachezea. Mwalimu alifia Burundi, katika kambi, na kitabu chake kisicho na jalada sijui kilimfuata au la. Jirani alizikwa na sweta lake. Bibi alikufa kitandani mwake, jambo ambalo bondeni ni bahati, na alilazwa pale pale na wale wanne. Nyumba ilianguka baadaye. Ukipita leo kwa barabara utaona mpunga tu, wa watu nisiowajua, na migomba hakuna. Vinu vimenyamaza, wanasaga kwa mota. Sisikitiki ili unionee huruma. Naumia, nakwambia, na nitakuwa naumia, na hilo ni langu.

Lakini jambo moja nakataa, na nitalikataa mpaka mwisho. Mimi nami nimezaa. Mtoto wangu wa kwanza hakufikisha mwaka, yuko mlimani juu ya Uvira, mahali unapoona ziwa lote. Wa pili ni binti, anasoma. Mwezi uliopita nilimpeleka kwenye kituo cha afya, homa ilimshika, na kabla ya kumpima muuguzi kijana akanijazia fomu kwenye simu. Akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamtajia wawili, majina yote. Akaniuliza huyu wa kwanza yuko wapi, nikamwambia. Kijana mwenye adabu, akanipa pole, akasema mama, hapa wanataka namba tu, ya wanaoishi, nikamwambia andika majina. Akajaribu. Simu ikatoa maandishi mekundu. Akajaribu tena, watu nyuma yangu wakaanza kuguna, na binti yangu akanivuta kitenge, ana aibu.

"Mama," kijana akasema, "inakataa."

"Ikatae," nikamwambia. "Minye niko nangoja."